Waliokosa wa kuwadhamini ndo wanaojaza jela zetu

Kila ikikaribia tarehe 12 Januari utasikia mitaani watu wanaulizana, safari hii Rais atawatoa wangapi, na kina mama wenye watoto wao ndani wanaanza kupiga simu kwa kila wanaemjua serikalini, jamani hebu niangalizie, jina la mwanangu limo? Ni utaratibu wa miaka na miaka, Katiba ya Zanzibar ya 1984 inampa Rais uwezo wa kusamehe na sikukuu ya Mapinduzi ndo wakati wenyewe. Akitoka mtu mmoja mie nafurahi, wakitoka kumi nafurahi zaidi. Lakini kuna jambo kila mwaka linanichoma na sisikii likizungumzwa barazani: msamaha unamgusa alokwisha kuhukumiwa. Mahabusu hasamehewi, atasamehewa nini na hajatiwa hatiani? Kwa hiyo mwenye hatia anatoka na anapokelewa kwa shangwe, na yule ambae kesi yake haijasikilizwa hata shahidi mmoja anabaki pale pale, na zile nafasi zilioachwa zinajaa tena kabla mvua za masika hazijaanza.

Si sisi peke yetu. Duniani kote walioko ndani ni zaidi ya milioni 11 na karibu thuluthi yao hawajahukumiwa. Huko Bara Julai 2019 marehemu Rais Magufuli aliingia mwenyewe gereza la Butimba, Mwanza, akakaa na waliomo akawasikiliza, watu wengi tu wakaachiwa baada ya pale, na Disemba mwaka huohuo akasamehe wafungwa 5,533 kwa mpigo. Kutoa watu ni jambo jema sana. Ila mlango wa kutokea ukiufungua mara moja kwa mwaka na wa kuingilia uko wazi usiku na mchana, hesabu yake inajulikana.

Mie nataka kuuzungumzia huo mlango wa kuingilia. Kwa nilivoona, na kwa nilivosikia kwa watu wanaozijua kazi hizi kuliko mimi, anaebaki ndani hapa kwetu si lazima awe ndie alofanya kubwa kuliko wenziwe. Anaebaki ni yule asokuwa na mtu.

Mtoto wa khalati yangu, ndugu wa mama yangu, alitoka Pemba, upande wa Micheweni, akaja Unguja kutafuta kibarua cha ujenzi. Akapanga chumba Fuoni huko ndani, pale ambapo nyumba zinaota kila siku na majirani wanajuana kwa sura tu. Siku moja akanunua simu ya mkononi kwa kijana mwenzake maskani, bei ya kutupa, na ile simu kumbe ya wizi. Kukamatwa alikamatwa kihalali, sibishi hilo, polisi walifanya kazi yao. Akafikishwa mahakamani, akasomewa shtaka, na hakimu akasema dhamana iko wazi. Hebu fikiri, siku ile ile ya kwanza kaambiwa dhamana iko wazi! Wadhamini wawili, vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi, barua za sheha, yule kiongozi wa serikali pale mtaani. Basi.

Hayo "basi" ndo yalomuweka ndani.

Sheha wa pale alipopanga akasema simjui, hajawahi kuja kujiandikisha kwangu, nitamuandikiaje mtu barua na simjui? Na sheha ana haki yake, akiandika kisha mtu akakimbia anaulizwa yeye. Mwenye nyumba akasema mie mambo ya mahakama siyawezi. Fundi alokuwa anamlipa kibarua hakupokea simu tena. Wale wenziwe wa maskani ndo kabisa, kila mmoja anaogopa akitia mguu mahakamani na yeye atakamatwa. Jamaa zetu Unguja wapo, tena wenye nafasi zao, na hapa nasema wazi kwa sababu jambo hili limeniuma, mmoja alituambia "mwacheni kidogo akae ajifunze". Ajifunze nini? Khalati ikabidi apande boti kutoka Wete na barua ya sheha wa kwao, na ilipofika ikaonekana haina muhuri unaosomeka, akarudishwa.

Kwa muda wote huo khalati alikuwa anampelekea mwanawe chakula. Nilimsindikiza. Foleni ya wanawake nje ya lango, kila mmoja na hotipoti yake na mfuko wa nailoni, wengine na mtoto mgongoni. Ukifika mbele askari anakwambia fungua, anaingiza kijiko anakoroga, anaugeuza muhogo chini juu, kisha anakwambia onja. Khalati akachota mchuzi akaonja mbele ya watu, mwanamke mzima na buibui lake, akameza, akafunika, akasema ahsante mwanangu. Yule askari alikuwa kijana mdogo na hakuwa na ubaya wowote, hata alimsaidia kubeba. Ila mie nilitazama ile foleni nikajiuliza hawa kina mama wote wamekuja kwa daladala mbili au tatu, na wengi wao ukiwauliza mwanao kahukumiwa? Anakwambia hapana, twasubiri tarehe.

Kijana wetu alivotoka alinihadithia walivokuwa wanalala. Ubavu kwa ubavu, kichwa cha huyu miguuni kwa yule, na ukitaka kugeuka hugeuki peke yako, anapiga kelele mmoja, "geukaaa", chumba kizima kinageuka. Joto la Februari hapa Unguja mnalijua, mtu aliyelala na feni anatoka jasho, je hao? Aliyeshikwa na kikohozi anakohoa usoni kwa mwenzake usiku kucha, na kila mtu anajua kifua kikuu kinapenda mahala gani. Upele ulikuwa haukimbiliki. Na wale wanaolinda nao ni binadamu, askari mmoja na watu wengi kiasi kile anafanya nini zaidi ya kuhesabu vichwa na kufunga mlango?

Kesi yenyewe iliishaje? Mlalamikaji hakutokea. Ikaahirishwa, hakutokea tena, upelelezi bado haujakamilika, ikaahirishwa, mwisho ikafutwa. Alipata mdhamini karibu na mwisho, mzee mmoja muuza pweza anaetoka kijiji kimoja na babu yake, ambae alisikia habari msikitini akaja mwenyewe na barua yake mkononi. Mzee yule wala hakumjua kijana, alimjua babu tu.

Na hapa ndo pana jambo ambalo nataka msomaji ulishike. Yule mtoto kaingia ndani hajui brauni, yani heroini, ni kitu gani. Katoka anajua inauzwa wapi, kete bei gani, na nani wa kumuendea. Kibarua kashapoteza, chumba kashafungiwa, vitu vyake mwenye nyumba kavizuia kwa kodi. Kwa kesi ya simu moja ambayo haikuthibitika, serikali imelisha mtu kwa miezi na sisi mtaani tumerudishiwa kijana mwenye maradhi, deni na marafiki wapya. Huo mrundikano tunaodhani unaishia ndani ya ukuta wa jela unatoka nje kila siku, kwa miguu yake mwenyewe, na unakuja kukaa nyumba ya pili.

Tuje kwenye unga, kwa sababu huwezi kuzungumzia nani yuko ndani Zanzibar ukaukwepa. Heroini imeingia visiwani tangu miaka ya themanini, tuko kwenye njia ya bahari inayotoka huko Asia, na kila familia ya Mjini na Ng'ambo ninayoijua ina angalau mmoja alopita humo. Teja, yani mtumiaji wa unga huo, anakamatwa kwa nini? Mara nyingi si kwa unga wenyewe, ni kwa kuiba ndoo, bati, waya za umeme, viatu vya msikitini, kuku wa watu. Anaingia, anapata arosto, yale maumivu ya kukosa unga, kwenye saruji bila dawa, anatapika juu ya wenziwe kwa siku kadhaa, anatoka, na siku hiyo hiyo anarudi kijiweni. Wiki mbili baadae kashakamatwa tena. Mtu huyo mmoja, kwa mwaka, anaweza kuhesabiwa mara nne kwenye daftari la kuingia.

Wakati dawa ipo! Tangu 2015 pana kliniki ya methadoni, dawa ya kumtibu mtumiaji wa heroini, huko Kidongo Chekundu, mtu anakwenda kila siku anakunywa kipimo chake mbele ya muuguzi, anarudi kwake, anaweza kufanya kazi. Soba hausi zetu, nyumba za kuwasaidia watu kuacha unga, nazo zilianza zaidi ya miaka kumi ilopita, zimeanzishwa na kuendeshwa na vijana walioacha wenyewe, na mie namjua mtu kwa macho yangu alokuwa analala Darajani chini ya meza za samaki leo ana mke na duka la vifaa vya umeme. Lakini soba hausi inataka ada ya mwezi na familia ishachoka, ishauza hereni za mama, ishauza friji, inasema hatuna tena. Basi kijana anapelekwa pasipotakiwa ada. Nna uhakika kuna wazazi wanaomuita polisi wenyewe, "mchukueni", si kwa ukatili, kwa kuishiwa. Jela imekuwa pahala pa kuwaweka watu ambao nyumba imeshindwa nao na hospitali haijawafikia.

Hili nalo si la kwetu peke yetu. Chicago kule Marekani, jela ya kaunti ya Cook ilijaa wagonjwa wa akili mpaka sherifu wake, Tom Dart, akawa anasema hadharani kwamba jela yake imegeuka hospitali kubwa ya akili, na 2015 akampa mwanasaikolojia, Nneka Jones Tapia, awe mkuu wa jela hiyo. Na jimbo hilohilo la Illinois, Septemba 2023, likaondoa kabisa dhamana ya pesa taslim, wa kwanza Marekani nzima, baada ya miaka mingi ya kuona watu wanabaki ndani kwa sababu tu mifuko yao mitupu na wenye pesa wanatoka na makosa yale yale. Kwetu kinachomzuia mtu mara nyingi si pesa taslim, ni watu na makaratasi, lakini anaebanwa ni yule yule.

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi, na najua baadhi ya jamaa zangu wakisoma watakasirika.

Sisi Wazanzibari tuna kitu tunakiita muhali na kila mtu anajivunia. Muhali kumkatalia ndugu, muhali kumtia aibu jirani, muhali kumpeleka polisi mtu ulokula nae. Ni jambo zuri, ndilo linalotuweka pamoja. Lakini tazameni tunautumia kwa nani. Mtoto wa kike wa miaka tisa kaharibiwa na ami yake, mtu mzima, ana nyumba na gari na anasimama safu ya mbele msikitini, familia inakaa kikao usiku, inaambiwa jamani muhali, tutamvunjia heshima, watoto wake watamuonaje, tumalizane wenyewe. Shahidi anaombwa asende. Mama wa mtoto anatishiwa talaka. Ushahidi unaoshwa bafuni. Ndo maana kesi za udhalilishaji zilikuwa zinafutika moja baada ya moja, mpaka serikali ikaanzisha mahakama maalum ya udhalilishaji 2021 na kufunga dhamana kwa makosa hayo, na mie kwa hilo naunga mkono kwa mikono miwili.

Na familia ile ile, wiki ile ile, kijana wao kakamatwa na pishi tatu za karafuu mbichi za shamba la mtu, hakuna hata mmoja anaesema muhali. Hapo wote wanakuwa wakali wa sheria. Mwacheni akae ajifunze.

Yani muhali tunampa mwenye nguvu. Anaestahiki kuwa ndani tunamficha nyumbani, anaestahiki kurudi nyumbani tunamwacha ndani, na kisha tunashangaa vyumba vimejaa na mitaa haina amani. Nimelifikiria sana hili na sioni njia ya kulisema kwa upole zaidi.

Tena mtu akikaa sana rumande si yeye tu anaekaa. Mashekhe wa Uamsho, jumuiya ya kidini ya hapa Zanzibar, walipelekwa Bara 2014 kwa mashtaka ya ugaidi, mashtaka yasokuwa na dhamana, wakaja kuachiwa Juni 2021 baada ya DPP, Mkurugenzi wa Mashtaka, kuyaondoa. Sizungumzii siasa yao, kila mtu ana maoni yake. Nazungumzia watoto waliokuwa darasa la kwanza baba akiwa hayupo na wakawa wamemaliza skuli ya msingi baba bado hayupo, bila hukumu ya hatia wala ya kutokuwa na hatia. Kesi ile ilijulikana kwa sababu waliomo walikuwa wanajulikana. Kijana wa kibarua cha matofali akikaa mwaka mmoja na nusu nani atamuandikia?

Kuna mengine nayapitia haraka tu. Talaka, watoto kutupiwa bibi, bibi mwenyewe hana nguvu. Migogoro ya ardhi ambayo inaanza na mpaka wa shamba na kumalizikia kwa panga. Vijana wanaokimbilia Nungwi na Paje wakidhani utalii utawabeba wote, kisha msako ukipita wanazolewa. Idadi yetu nayo, sensa ya 2012 tulikuwa 1,303,569, ya 2022 tukawa 1,889,773, karibu laki sita wameongezeka kwa miaka kumi kwenye visiwa vile vile, na karibu nusu ya watu wote wamejaa Mkoa wa Mjini Magharibi. Ule mtaa wa zamani ambao mzee wa baraza anajua wewe mtoto wa nani na babu yako kazikwa wapi, Fuoni, Tomondo na Mwera ndani haupo. Mfumo wetu wa dhamana umejengwa juu ya mtaa ule. Mtu hajulikani na sheha kwa hiyo hana barua, hana barua kwa hiyo hana dhamana, na huko ndo wanakoishia vijana wengi waliotoka Pemba na mashamba kuja mjini.

Nini kifanyike? Mie si mwanasheria ila mengine hayataki shahada. Kenya wana sheria ya huduma kwa jamii tangu 1998, Bara tangu 2002, mtu wa kosa dogo anahukumiwa kufagia hospitali au kuchimba msingi wa skuli huku analala kwake na anakula kwake, na akiharibu ndo anarudi ndani. Kwa mwizi wa nazi na mgomvi wa kisimani hiyo ndo adhabu inayofahamika. Kwa teja, hakimu amtume Kidongo Chekundu kwanza na serikali imlipie soba hausi, kumuweka ndani kunagharimu pia, au chakula na askari ni bure? Na huu mtindo wa upelelezi haujakamilika, upelelezi haujakamilika, kwa kesi ya simu ya mkononi, hakimu awe na ukomo, ukipita mtu aende kwao hata kama hana wadhamini, kesi ikija kukamilika aitwe.

Barua ya sheha nayo itazamwe upya. Mtu ana kitambulisho kina picha, alama za vidole na namba, serikali inamjua kuliko sheha anavomjua, kwa nini karatasi ya mkono ndo iamue alale wapi?

Lakini yote hayo yanangoja wakubwa, na mie nimeanza na letu. Msikitini kwetu tumekubaliana watu kadhaa, wenye vitambulisho na anuani zinazojulikana, wanaume na wanawake, kwamba kijana wa mtaani akikamatwa kwa kosa dogo na dhamana iko wazi mmoja wetu anakwenda. Hatudhamini wizi wa kutumia silaha wala kumgusa mtoto. Tunamwambia kijana kwanza macho kwa macho, ukikimbia umetufunga sisi, na sheha tumemuingiza kwenye jambo hili tangu mwanzo ili asishtukizwe usiku. Tumejiandaa siku moja mmoja atatukimbia na tutalipa, tushakubali kuchangishana.

Ukitaka kufanya hivo mtaani kwako, haya ndo ya kuweka tayari. Kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi kisiwe kimekwisha muda, tazama sasa hivi usingoje. Nenda kwa sheha wako mkiwa salama, ajue sura yako na unapokaa, na kama umepanga kajiandikishe leo. Barua iwe na tarehe, jina kamili kama lilivo kwenye kitambulisho, na muhuri unaosomeka, khalati yangu alirudi Pemba kwa kukosa huo. Fika mahakamani mapema kabla kesi haijaitwa, umuone karani, uliza masharti kwa hesabu: wadhamini wangapi, bondi (pesa mtakayodaiwa akikimbia) ya kiasi gani, lazima mmoja awe mfanyakazi wa serikali au la. Kituo cha Huduma za Sheria kimefundisha wasaidizi wa sheria majimboni Unguja na Pemba, na tangu 2018 tuna sheria ya msaada wa kisheria, kwa hiyo wa kukuelekeza yupo na hatakiwi kukutoza. Na ukimdhamini mtu andika tarehe yake ya kesi ukutani kwako, mpigie usiku wa kuamkia siku hiyo, na asubuhi mpitie mwende wote.